Usisimame Nyuma Yangu

Duka la vifaa vya ushonaji lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Ulikuwa msimu wa harusi, na kila mshonaji wa mjini alitaka zipu, lasi na vifungo siku hiyo hiyo. Wanawake walibanana kwenye kaunta, kila mmoja ameinua kipande cha kitambaa ili muuzaji aione rangi anayoitaka. Katikati yao alisimama mwanamume mrefu, amevaa ovaroli ya buluu yenye mafuta magotini, na yeye pia ameinua kitu. Alikuwa ameinua panzi aliyekufa.

"Nataka uzi wa rangi hii," alimwambia muuzaji. "Siyo ya mgongo. Ya tumbo."

Muuzaji alijivuta nyuma. "Kaka, hapa tunauza vitu vya kushonea."

"Ndiyo. Nashona."

"Unashona nini?"

"Panzi."

Kaunta nzima ikaangua kicheko. Aliyecheka zaidi alikuwa msichana aliyesimama begani kwake, mwenye gauni la kijani la mikono mifupi, tepu ya kupimia imening'inia shingoni kama mkufu na pini zimepangwa kifuani. Alimnyang'anya yule panzi kwa vidole viwili, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mpe ule wa droo ya chini, kijani kinachoelekea njano," alimwambia muuzaji. "Ukimpa wa droo ya juu, panzi wake ataonekana anaumwa."

Yule mrefu akamtazama. "Kumbe unajua panzi?"

"Najua uzi. Panzi ni wako, utajua mwenyewe."

Walipotoka nje na mifuko yao, hakuna aliyekuwa na haraka. Yule bwana alieleza, kwa sauti ya chini sana, kwamba samaki wa mto wa maji baridi hula wadudu wanaoangukia majini. Yeye hufunga manyoya na uzi kwenye ndoano ndogo, akapata mdudu wa kutengeneza, kisha akamwelekeza kwa mshipi mrefu mpaka juu ya maji.

"Kwa hiyo unamdanganya samaki."

"Namdanganya."

"Halafu unamla."

"Hapana. Namtoa ndoano taratibu, namrudisha majini."

Msichana alisimama palepale njiani. "Yaani unasafiri, unaloa, unamdanganya kiumbe wa watu, halafu unamwambia nenda salama? Kaka, una kazi nyingine kweli?"

"Fundi wa lifti."

"Ndiyo maana. Umezoea kupanda na kushuka bila kufika popote."

Yule bwana alicheka mpaka mabega yakatikisika, lakini hata kicheko chake hakikuwa na kelele. Msichana alilitambua hilo. Wengine wangetazama urefu wake au meno yake. Yeye alisikiliza.

Jioni ile simu yake iliita kwa namba asiyoijua.

"Nani mwenzangu?"

"Panzi."

"Panzi alikufa, nilimshika mwenyewe."

"Basi ni mwenye panzi. Nilimwomba muuzaji namba yako. Usimkasirikie, nilimbembeleza."

"Sijakasirika. Na kwa urefu huo nitakuita Ghorofa."

"Na mimi nitakuita Sindano."

"Kwa sababu ya kazi?"

"Kwa sababu unachoma."

Basi majina yakabaki hayo.

* * *

Sindano alishona pamoja na mama yake katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Palikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na magauni ya maharusi yametundikwa ukutani yamefunikwa shuka. Mama alikuwa hodari wa pindo na mishono ya mkono. Alizungumza kidogo, tena kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Hakuzaliwa hivyo. Marehemu mume wake alikuwa mtu wa kufoka. Alifoka chumvi ikizidi, alifoka ikipungua, alifoka mlango ukilia na redio ikinyamaza. Mama na binti walijifunza kuweka sufuria chini bila mlio. Walijifunza kumjua kwa hatua zake tangu kwenye kona ya barabara. Hakuwahi kumpiga mtu, na watu walimsifu kwa hilo. Alipofariki walimlilia, kisha wakakaa miezi mingi wakiendelea kunong'ona ndani ya nyumba yao wenyewe.

Sindano alijiwekea sharti moja tu: hataolewa na mtu wa kufoka. Tajiri, maskini, mzuri, mwenye kipara, yote hayo yangezungumzika. Hilo halikuwa na mjadala.

Ndiyo maana Ghorofa alimwingia moyoni haraka. Mtu yule alizungumza kama amekaa karibu na mtoto aliyelala. Kwa kuwa ndiye aliyetunza lifti za jengo refu la maofisi katikati ya mji, alikuwa na ufunguo wa paa, na Jumamosi mchana, maofisi yakiwa yamefungwa, alimpandisha Sindano huko. Kati ya matangi ya maji alimfundisha kuurusha mshipi.

"Haurushwi kama jiwe, mpenzi. Kwanza unaupeleka nyuma yako. Unaungoja unyooke hewani. Ndipo unauleta mbele."

"Nitajuaje kwamba umenyooka, na mimi sina macho kisogoni?"

"Mkono utakwambia."

Huko juu hapakuwa na samaki, kwa hiyo mwisho wa mshipi walifunga kishungi cha sufu nyekundu. Kishungi kiliruka juu ya paa, kikagusa saruji, kikarudi. Sindano alipochoka, alimwachia Ghorofa fimbo ya kuvulia, akazunguka nyuma yake na kumnyoosha kola. Mshonaji hufanya kazi nyuma ya mtu. Zipu hufungwa nyuma, mabega hupimwa kwa nyuma, na gauni likiwa na kasoro huanza kujionyesha mgongoni. Kwake kumwendea mtu kwa nyuma na kumweka sawa nguo ilikuwa namna ya kusema nakupenda. Sufu ilimpiga shavuni mara nyingi. Walicheka wote wawili, na Ghorofa akaendelea kurusha.

Ni juu ya paa hilo hilo alipomwambia. Sindano alikuwa amevaa blauzi nyeupe aliyoishona mwenyewe, kitambaa cha kichwa cha rangi ya zambarau, upepo unakichezea.

"Nyumbani kwetu," Ghorofa alianza, "mtu akipata mwenzi hatukodi ukumbi. Tunakwenda mtoni kuvua. Ndugu wa huku na ndugu wa huko, tunalala kwenye vibanda vya mbao, tunashinda majini. Baba alimpeleka mama. Kaka yangu alimpeleka shemeji. Watu wakiloa pamoja hawawezi kujidai tena."

"Sasa hapo unanichumbia au unanikodi nikubebee ndoo?"

"Nakuchumbia."

"Sema kama watu wanavyosema, basi."

Ghorofa aliweka fimbo chini, akafuta mikono kwenye suruali. "Sindano, nioe... Hapana. Nikuoe. Yaani, nakuomba nikuoe."

"Umelikosea hata swali lenyewe."

"Jibu hivyohivyo."

"Ndiyo, Ghorofa. Ndiyo mara zote."

* * *

Walikwenda mtoni wiki moja kabla ya harusi. Ghorofa alikuja na baba yake, mzee mkimya mwenye kofia iliyochomekwa wadudu wa manyoya kuzunguka ukingo wote. Sindano alikuja na mama yake, na shangazi yake, dada wa marehemu baba, ambaye hakuna safari iliyompita. Shangazi alivaa viatu vya visigino na kofia pana ya majani, akabeba mayai ya kuchemsha ya kutosha jeshi.

"Maji yenyewe ndiyo haya?" alisema alipouona mto. "Mbona hata magotini hayafiki? Nilidhani tunakwenda kwenye maji ya maana."

"Yanakutosha, shangazi," Sindano alijibu. "Ukiteleza utajua yana maana gani."

Palikuwa pazuri. Maji yalipita juu ya mawe ya mviringo yakitoa sauti ya watu wanaoongea chumba cha pili. Ukungu ulikuwa umeshika miti ya ng'ambo. Mzee alimvalisha mama mabuti ya mpira yaliyomzidi, akamwonyesha jinsi ya kushika fimbo, na mama alisikiliza kwa kichwa kilichoinama, kama mwanafunzi. Ghorofa alisimama kwenye maji ya magotini, mshipi wake ukiruka nyuma, ukikaa hewani, ukienda mbele. Kola ya shati lake ilikuwa imejikunja upande mmoja.

Sindano aliiona ile kola. Akatabasamu. Akaingia majini polepole, mto ukimfichia hatua zake, akamwendea kwa nyuma akiwa amenyoosha mkono, kama alivyozoea.

Ghorofa aligeuza kichwa kutazama mshipi wake, akamwona.

"TOKA! Toka nyuma yangu! Huoni? Toka!"

Sauti ilipiga ng'ambo ikarudi. Ndege wakaruka mitini. Ndoano ilipita karibu na jicho la Sindano, ikanasa kitambaa chake cha kichwa, ikakichana na kukivua, kikaangukia majini.

Shangazi, kutoka ukingoni, akapiga makofi.

"Ehee! Sasa huyo ndiye mwanamume! Nilianza kuogopa kwamba ni mlaini mno. Jamani, nimemsikia marehemu kaka yangu leo. Sauti ile ile!"

Laiti angenyamaza. Sindano alikuwa bado ameshika shavu lake, anajiuliza kama ameumia, na maneno yale yakamwingia kabla ya baridi ya maji. Alimtazama Ghorofa akija mbio, maji yakiruka, mdomo wake ukisema ndoano, ndoano, samahani, hebu nione jicho. Hakumwona Ghorofa. Aliona mlango wa nyumbani kwao, na sufuria inayowekwa chini bila mlio.

"Sijaumia," alisema. "Niache."

Mchana walikaa mezani nje ya kibanda. Shangazi aliongea peke yake. Sindano alikula kidogo kwa ajili ya adabu, akainuka, akaomba warudishwe mjini. Garini, kabla ya kushuka, alimwambia Ghorofa kwa upole kabisa:

"Harusi ingoje kwanza."

* * *

Simu iliita siku hiyo na kesho yake. Hakupokea. Ilipoita tena, akiwa anatoboa matundu ya vifungo, alipokea.

"Sindano."

"Naam."

"Ile ilikuwa ndoano ya kweli. Ingekutoa jicho. Kule juu tulikuwa tunatumia sufu, na mimi sikukukataza hata siku moja kupita nyuma. Kosa ni langu. Nilikufundisha uvuvi nikasahau kukufundisha hatari yake."

"Najua. Nimeelewa yote hayo. Sikuogopa ndoano, Ghorofa."

"Uliogopa nini?"

"Sauti. Siku zote hizo ulikuwa umeificha wapi?"

Sindano alimsikia akipumua, na nyuma yake mlio wa lifti inayofungua mlango.

"Niahidi hutaitoa tena," Sindano alisema. "Nakubembeleza. Niahidi tu, nije tumalize hii habari."

Ilikuwa rahisi kusema nakuahidi. Wengi wangesema.

"Siwezi," alisema Ghorofa. "Ukisimama tena mahali pa kukuumiza, nitapiga kelele tena. Nitakuwa nakudanganya nikisema vingine."

"Basi hatuna la kuzungumza, mpenzi." Akakata. Neno mpenzi lilimtoka lenyewe, kwa mazoea, na likamliza.

Mama alikuwa kwenye cherehani ya pili, anapindia gauni la bi harusi mwingine. Aliendelea mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno, akatoa pini mdomoni moja moja.

"Mwanangu," alisema. "Kuna kitu mimi nakijua vizuri kuliko watu wengi, na hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Kitu gani, mama?"

"Kufokewa."

Sindano aliacha kazi. Mama hakuwa amewahi kulitamka neno hilo.

"Baba yako akishafoka, alikuwa anakaa mezani na kula. Tena kwa hamu. Ilikuwa kama ametua mzigo, na huo mzigo ameutua kwetu. Mimi na wewe ndio tuliokuwa hatumezi." Alilaza gauni mapajani, akalipapasa. "Juzi mtoni nilikuwa nimekaa mbele ya kijana wako. Shangazi yako amemwekea mayai, mkate, chai. Hakugusa. Alishika yai mkononi mpaka mwisho, anatazama jicho lako. Wewe ulikula, mama. Kidogo, lakini ulikula."

"Sikumtazama."

"Ungemtazamaje? Wewe ulikuwa unamtazama baba yako."

Nje mtu alipita na toroli lenye gurudumu linalolia. Wote wawili walisubiri lipite.

"Sikwambii uolewe naye wala umwache," mama alisema, na sauti ikarudi ndogo kama kawaida. "Nakwambia nilichokiona tu."

* * *

Kwenye jengo la maofisi, lifti moja ilikuwa imefungwa kwa utepe wa manjano, na watu walipanga foleni kwenye ile nyingine wakinung'unika. Sindano alipanda kwa ngazi. Alifika juu anahema, gauni la kijani limemshika mgongoni kwa jasho, akamkuta Ghorofa kwenye chumba cha mashine, amechuchumaa mbele ya nyaya za chuma, mikono ina grisi mpaka viwikoni. Mlangoni palikuwa na mstari mwekundu uliopakwa sakafuni. Sindano alisimama nje ya mstari.

"Umeona?" alisema. "Leo sijaja kwa nyuma."

Ghorofa alisimama haraka mpaka akagonga kichwa kwenye bomba. "Umepanda kwa miguu? Ghorofa zote hizi?"

"Lifti yako mbovu. Nina swali. Kule mtoni ulikula?"

"Nini?"

"Chakula. Mayai ya shangazi."

Alifikiri, kama mtu anayeulizwa habari za mwaka jana. "Sikula. Kilikataa kushuka. Kila nikifumba macho naiona ile ndoano inakuja, na wewe umenyoosha mkono unacheka. Hata sasa sipendi kufumba macho."

Sindano alishusha pumzi. Aliuliza tena, kwa sababu hilo la pili ndilo lililompandisha ngazi.

"Na ukikasirika? Siyo ukiogopa. Ukikasirika kweli, na mimi ndiye niliyekukasirisha. Huwa unafanyaje?"

"Nanyamaza."

"Kwa muda gani?"

"Mrefu. Baba anasema nanuna kama kifaru. Niliwahi kumnunia kaka yangu kwa sababu ya mabuti, mpaka yakaisha mabuti yenyewe."

"Ghorofa! Sasa hiyo si tabia mbaya vilevile?"

"Mbaya. Ndiyo nakwambia mapema, usije ukasema niliificha."

Sindano akaanza kucheka. Hakutaka kucheka, alikuwa amejiandaa kuwa mtu mzito, lakini sura ya kifaru na mabuti ilimshinda. Akacheka, na machozi yakaja humo humo.

"Sikiliza," alisema, akijifuta kwa tepu yake ya kupimia. "Ukiona nakaribia hatari, piga kelele. Nimekuruhusu. Piga mpaka ndege waruke. Lakini nikiunguza chakula, nikichelewa, nikikosea jambo, niambie kwa sauti uliyonunulia uzi. Na ukinuna nitakugongea mlango mpaka ufungue."

"Nimekubali."

"Usikubali haraka hivyo, fikiri kwanza."

"Nimefikiri tangu uliponikatia simu. Nije?"

"Mikono yote hiyo ya grisi?"

"Basi wewe njoo."

Sindano alitazama mstari mwekundu. "Ni salama?"

"Nimezima mashine. Njoo, kipenzi."

Akauvuka.

* * *

Walifunga ndoa ofisini kwa msajili, asubuhi yenye mvua ndogo, Sindano na gauni jeupe lisilo na lasi nyingi, bwana na suti iliyoshonwa mabega na mkewe mwenyewe. Siku ya pili yake walirudi mtoni, watu wale wale.

Safari hii Mzee alikusanya kila mtu ukingoni kabla ya kugusa maji, akawafundisha. Mwenye fimbo ana nyuma yake, urefu wa mshipi wote, na huko hapiti mtu. Ukitaka kumwendea, mwendee kwa mbele, aone uso wako. Shangazi alisema amesikia, haina haja ya kumrudia kama mtoto, kisha akaenda kumenya mayai.

Sindano alikaa juu ya jiwe lenye jua, ameegemea mume wake. Walimtazama mama. Alikuwa amesimama peke yake katikati ya mto, mabuti makubwa, sketi ameikunja kiunoni. Mkono wake mwembamba ulipeleka mshipi nyuma, ukangoja, ukauleta mbele. Mtu aliyeshona pindo maisha yake yote hakuhitaji kufundishwa kungoja.

"Anarusha vizuri kuliko wewe," Sindano alisema.

"Kuliko mimi na baba."

Maji yakachemka. Fimbo ikapinda. Samaki aliruka, madoadoa yake yakang'aa, akazama tena na kuuvuta mshipi. Shangazi aliliona hilo, akatupa yai, akajitosa majini na viatu vyake, anamkimbilia mama kwa nyuma, mikono mbele.

"Wifi! Lete nikusaidie! Lete, utampoteza!"

Samaki akajirusha upande. Mshipi ukalegea, ndoano ikachomoka majini na kurudi nyuma kwa kasi.

"TOKA NYUMA YANGU!"

Sauti ilipiga ng'ambo, ikarudi. Ndege wakaruka. Shangazi alikauka palepale, maji yamemfika magotini, ndoano imepita juu ya kofia yake. Hakuna mtu wa nyumba ile, tangu siku mama alipoolewa, aliyewahi kumsikia akipandisha sauti mbele ya wifi yake.

Mama mwenyewe alishika koo lake, kana kwamba kuna mtu amesema kutoka humo. Aligeuka.

"Nimekuumiza, wifi?" aliuliza.

Shangazi alijipapasa uso, macho, masikio. "Hapana," alisema kwa sauti ndogo ajabu. Kisha akarudi nyuma, hatua kwa hatua, akazunguka mbali, akaja kusimama mbele ya mama mahali anapoonekana.

Sindano alitaka kuinuka amkimbilie. Ghorofa alimshika mkono taratibu.

"Mwache," alisema.

Mama alikuwa ameanza kuukusanya mshipi wake. Aliupeleka nyuma, akangoja, akauleta mbele.